Mshenga wa Ramani

Dar es Salaam huangukia Hispania mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Jiji liko karibu na latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.28 mashariki. Mwanafunzi akizipanga namba hizo kwenye jedwali, kisha akaielekeza kompyuta visivyo kwamba safu ya kwanza ndiyo longitudo, Kariakoo na Kigamboni yote huhamia kaskazini mwa Badajoz, karibu na mpaka wa Ureno. Akikumbuka mpangilio lakini akasahau alama ya kutoa, jiji hupanda hadi Ethiopia, jirani na milima ya Bale, na joto lake lote likaishia huko kwenye baridi. Na ule mstari ulioachwa mtupu, ambao programu nyingine huusoma kama sifuri kwa sifuri, hutumbukia Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na meridiani ya Greenwich. Hapo hakuna nchi kavu, kuna boya la hali ya hewa tu.

Katika warsha za ramani zinazoendeshwa na maktaba za vyuo vikuu, kicheko cha kwanza huzuka hapo. Somo nalo huanza hapo hapo.

Anayeuliza kwa nini mambo haya yafundishwe maktaba, wala si katika idara ya jiografia, ajibiwe kwamba ramani zilikuwa zikiishi huko tangu zamani. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mkusanyo wake wa ramani mwaka 1818, mfanyabiashara Israel Thorndike alipoinunua maktaba ya mwanajiografia Mjerumani Christoph Daniel Ebeling na kukizawadia chuo. Karatasi zikalazwa katika makabati yenye droo pana zisizo na kina, mtu wa kuzitunza akawekwa, na mtu huyo akawa ndiye anayeulizwa. Karibu karne mbili baadaye ramani ziligeuka kuwa mafaili, nazo zikaenda kwa walezi walewale. Stanford ina kituo chake cha ramani za kompyuta ndani ya maktaba ya sayansi za ardhi, Branner. Huko Toronto maktaba yenyewe inaitwa ya ramani na data. Anayeingia warshani hapo aweza kuwa mwanahistoria anayefuatilia njia za misafara, mwuguzi anayehesabu zahanati, au mtu wa samaki. Hukaa pamoja saa mbili au tatu, kila mmoja na kompyuta yake na tatizo lake.

Programu zinazotawala ni mbili. ArcGIS ni ya kampuni ya Esri, iliyoanzishwa Redlands, California, mwaka 1969. Ni pana, imekomaa, na chuo huilipia leseni. QGIS ilianzishwa na Gary Sherman huko Alaska mwaka 2002, na ni ya bure kwa yeyote. Mkutubi mwenye busara hufundisha zote, ila huegemea ya pili, kwa sababu ndogo ya kibinadamu: leseni ya chuo haimfuati mhitimu nyumbani. Msomaji wa Pwani atapenda kujua jambo jingine. Matoleo ya QGIS hupewa majina ya mahali, na toleo la 3.8, lililotoka Juni 2019, linaitwa Zanzibar. Mwaka mmoja kabla, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulikuwa umefanyika Dar es Salaam.

Uhusiano wa Afrika Mashariki na ufundi huu ni wa zamani zaidi ya hapo, na wengi wanaoutumia hawaujui. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Spartan Air Services ya Ottawa ilikuwa ikitafuta mahali nchini Kenya panapofaa kuotesha msitu wa kulisha kiwanda cha karatasi. Kazi ilimwangukia kijana Roger Tomlinson. Ilibidi ramani za mambo mbalimbali, kama mteremko, hali ya hewa na njia za usafiri, zilazwe moja juu ya nyingine hadi ionekane sehemu inayotimiza masharti yote. Kwa mkono iliwezekana, lakini gharama ya kuchora na kupima ilizidi mfuko wa mradi. Tomlinson akafikiria kuitwika kompyuta mzigo huo. Wazo halikuukomboa mradi wa Kenya, ila lilimganda kichwani, na muda si mrefu serikali ya Kanada, iliyokuwa na nchi nzima ya kuorodhesha misitu, mashamba na wanyama wake, ikampa nafasi ya kulijaribu. Mfumo uliozaliwa huko ndio uliompa jina la baba wa ramani za kompyuta. Swali lililomsumbua lilikuwa la vilima vya Kenya.

Kiswahili kina neno linaloitosha kazi hiyo ya kulaza ramani juu ya ramani: kuoanisha. Ndani yake mna ndoa. Tabaka la barabara, tabaka la mito na tabaka la shule, kila moja limetoka kwa watu wake, na yote yanatakiwa kukaa nyumba moja bila ugomvi. Kwa Waswahili posa haijibiwi siku inapoletwa. Kwanza huulizwa huyu ni mtoto wa nani, kalelewa wapi, ana mwenendo gani, na kuna mtu wa kwenda na kurudi na majibu. Mkutubi wa ramani ndiye mshenga huyo. Faili likiletwa mezani, hababaishwi na rangi zake. Huuliza nani kalitengeneza, lilipimwa mwaka gani, kwa skeli ipi, na limesimamia datamu ipi, yaani hesabu ipi ya umbo la dunia na mahali pa kuanzia kupima.

Hilo la mwisho ndilo huwachosha wanafunzi, na ndilo lenye madhara. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilisimamia datamu iitwayo Arc 1960, inayotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880. Simu ya mkononi inasimamia nyingine, WGS 84. Namba za mfumo mmoja zikisomwa kana kwamba ni za mwingine, kila kitu huteleza karibu mita 300. Mjini huo ni mtaa mwingine. Shambani ni kwa jirani, na watu wameshikana mashati kwa hatua tatu tu. Kompyuta haipigi kelele wala haiandiki onyo jekundu. Huchora kisima katikati ya barabara kwa utulivu kamili, na ni jicho la mtu lililozoea ndilo linalostuka.

Nasaba yenyewe hupotea kirahisi. Muundo wa mafaili ya ramani unaokutwa kila mahali, ule wa Esri wa miaka ya 1990, ni familia ya mafaili inayojifanya faili moja: lenye mwisho wa .shp hubeba maumbo, .dbf hubeba jedwali, .shx ni faharasa, na .prj hueleza mfumo wa vipimo. Mtu hutuma lile la kwanza kwa barua pepe, akawaacha ndugu zake nyumbani, halafu akalalamika kwamba mwenzake hajui kulifungua. Likikosekana .prj, ramani hufunguka vizuri tu, lakini ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa.

Wakati nao una ujanja wake. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Atakayelioanisha jedwali la sensa ya 2002 na mipaka ya leo atapata nchi yenye matundu, na Songwe itakuwa tupu kana kwamba hapakuishi mtu. Kenya iliacha mikoa 8, ikawa na kaunti 47. Ndiyo maana maktaba nzuri haifuti mipaka ya zamani inapopata mipya. Huiweka yote, kila mmoja na tarehe yake, kazi ambayo haimpi mtu sifa mpaka siku inapohitajika.

Kuna pia udanganyifu wa wino. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, mkoa usiofika kilomita za mraba 1,500. Lindi ina watu kama milioni 1.2 juu ya eneo linalozidi kilomita za mraba 60,000. Ramani ya idadi tupu ikiipaka Lindi rangi, jicho huliona pande kubwa la kusini kabla halijaiona nukta yenye watu mara nne na zaidi. Warsha hufundisha kugawa idadi kwa eneo kabla ya kushika brashi.

Zipo ramani ambazo nasaba yake ni nyayo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakapita mitaa inayofurika wakishirikiana na wakazi, wakiandika nyumba, mifereji na vichochoro, na wakiuliza maji yalifika wapi. Kazi hiyo iliingia katika OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, kama vile vijana wa Kibera, Nairobi, walivyoingiza mtaa wao tangu 2009. Leo mwanafunzi aliyeketi Toronto huzipakua nyumba za Tandale, Dar es Salaam, kabla chai yake haijapoa. Akimwuliza mkutubi nani kazipima, jibu lipo: watu waliokanyaga tope lenyewe. Data nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa hazina jibu zuri hivyo.

Ufundi huu huonekana wote katika saa ile ya kuipa karatasi ya zamani mahali pake duniani. Idara ya upimaji wa makoloni ya Uingereza, iliyoanza 1946, ilichora Afrika Mashariki kwa skeli ya 1:50,000 kutokana na picha za ndege, na karatasi zake zimelala katika maktaba nyingi za ng'ambo. Inachoma, kweli, kwamba mtu wa Kilosa aombe ramani ya kijiji chake ughaibuni. Karatasi husomwa kwa skana, kisha mwanafunzi hutafuta alama zilizopo kwenye karatasi na kwenye picha ya satelaiti vilevile: njia panda, daraja la reli, pembe ya jengo la misheni. Nukta tatu zatosha kihesabu. Fundi huweka kumi, zilizosambaa hadi kwenye kona. Kila nukta hurudi na kosa lake kwa mita, na mwanafunzi huisogeza hii, huifuta ile, huku karatasi ikijinyoosha kidogo kidogo kwenye kioo kama mkeka unaotandikwa.

Kisha barabara hukaa juu ya barabara, reli juu ya reli, na nukta moja hugoma, ile aliyoiweka kwenye kona ya mto. Mwanafunzi hudhani amekosea, akaisogeza tena na tena. Mkutubi huja kusimama nyuma ya kiti, akaangalia bonde lile tambarare, akauliza picha za ndege zilipigwa mwaka gani, halafu akaenda kwenye makabati ya chuma kutafuta toleo lililotangulia.