Ustadi wa Kuchagua: Sifa ya Upigaji Picha wa Vita

Upigaji picha wa vita ni fani changa, kwani vita vimekuwapo tangu enzi na enzi ilhali kamera ina umri wa takriban karne mbili tu. Hata hivyo, katika muda huo mfupi fani hii imewaonyesha watu jambo ambalo tenzi za mashujaa na taarifa za majemadari hazikulipa nafasi kubwa, nalo ni sura ya mtu wa kawaida aliyekutwa na vita. Picha zinazopigwa katika vita vyovyote ni nyingi mno, na zinazodumu katika kumbukumbu za watu ni chache sana. Kinachozitenga hizo chache si wingi wa damu, maana baadhi yake hazina damu hata tone, bali ni ustadi wa mpigaji katika kuchagua: asimame wapi, amtazame nani, na aache nini nje ya fremu.

Hapo mwanzo uchaguzi huo ulibanwa na vifaa. Mwingereza Roger Fenton, aliyekwenda kwenye Vita vya Crimea mwaka 1855, alitumia njia ya kolodioni, ambayo ilimlazimu kupaka bamba la kioo dawa, kulitia katika kamera na kulisafisha kabla dawa haijakauka, huku lenzi ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa, kiasi kwamba mtu anayekimbia hakuweza kunaswa ila kama ukungu. Picha yake mashuhuri kuliko zote haina mtu yeyote: inaonyesha bonde kavu, barabara, na makombora ya duara yaliyotapakaa, na mtazamaji huachiwa ajaze mwenyewe watu waliokuwa wakilengwa. Miaka 7 baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Alexander Gardner alipiga picha za maiti ambazo hazijazikwa kwenye uwanja wa Antietam, na zilipoonyeshwa New York katika ukumbi wa Mathew Brady mwezi Oktoba 1862, raia walioyajua mapigano kwa orodha za majina gazetini waliona kwa mara ya kwanza majina hayo yalivyolala.

Kuja kwa kamera ndogo zenye filamu ya milimita 35 katika miaka ya 1920 kulimwezesha mpigaji kuingia katikati ya mapigano, na tangu hapo ukaribu ukawa msingi wa fani. Robert Capa, aliyeshuka pamoja na askari wa Marekani kwenye ufuo wa Normandy tarehe 6 Juni 1944, aliamini kuwa picha isiyoridhisha ni ya mtu ambaye hakusogea vya kutosha. Picha zake za siku hiyo zina ukungu na zimetikisika, na kasoro hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji aamini kwamba aliyeshika kamera alikuwa majini pamoja na wenzake. Ukaribu huo una gharama. Capa aliuawa na bomu la kutegwa ardhini nchini Vietnam mwaka 1954, na huko Mogadishu mwezi Julai 1993 kundi la watu wenye hasira liliwaua wanahabari wanne, wakiwamo Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia, waliokuwa wamekwenda kurekodi madhara ya shambulio la helikopta.

Ustadi wa kuchagua unaonekana wazi zaidi katika picha ambayo Don McCullin alimpiga askari mmoja wa Marekani mjini Hue, Vietnam, mwaka 1968. Askari ameketi, mikono yake miwili imekumbatia mtutu wa bunduki, uso umejaa uchafu, na chini ya ukingo wa kofia ya chuma macho yake yanatazama mbele bila kulenga chochote. McCullin alipiga picha kadhaa mfululizo na mtu yule hakupepesa jicho, dalili ya mshtuko wa vita, yaani hali ya akili kuzidiwa na yaliyoipata. Hakuna adui, moto wala jeraha, na kwa kuwa chanzo hakionyeshwi, mtazamaji hulazimika kukitafuta katika macho hayo.

Mwaka huohuo mjini Saigon, Eddie Adams alimnasa Jenerali Nguyen Ngoc Loan akimpiga mateka risasi ya kichwa. Tukio hilo lilirekodiwa pia kwa picha jongefu, yaani filamu ya sinema, lakini iliyobaki vichwani mwa watu ni picha mnato, ile isiyosogea, kwa sababu filamu hupita na kumwonyesha mtu akianguka, ilhali picha mnato humshikilia mateka katika nukta ya mwisho ya uhai wake na kumnyima mtazamaji nafuu ya kujua kuwa yamekwisha. Adams alipata tuzo ya Pulitzer kwa picha hiyo, lakini baadaye alijuta kwamba ilimhukumu jenerali mbele ya dunia bila kueleza yaliyotangulia.

Majuto hayo yanaonyesha mpaka wa fani: picha huthibitisha kwamba jambo limetokea, ila haielezi kwa nini. Hata bonde la Fenton lina picha ya pili ambamo barabara ni tupu, na watafiti wengi wanaamini kwamba makombora yale yalipangwa barabarani kwa mkono. Kwa hiyo anayeguswa na picha ya vita asikomee kwenye kuguswa, bali asome maelezo yaliyo chini yake, aulize ni nani huyo, ni wapi, ni lini na nini kilitangulia, kwani mpigaji aliyehatarisha roho yake kuileta picha hiyo anastahili mtazamaji anayejisumbua kuielewa.