Kufuli kwenye Kabati la Kirilo

Kufuli lile halikupaswa kuwepo. Mlioingia maktaba ya ile sekondari ya kata mteremkoni mwa Meru, wiki ya maonesho ya vitabu, mliliona wenyewe. Kabati la vioo karibu na mlango, majalada yametazama nje, mada ya "Mlima Wetu" kwenye manila kwa mwandiko safi, nafasi ya kutosha kati ya kitabu na kitabu. Kazi ya mpangilio ilikuwa nzuri, sina la kuongeza. Kisha mwalimu wa maktaba akafunga, ufunguo akautia mfukoni.

Msichana wa kidato cha pili alisimama mbele ya kioo. Alikuwa akilitazama jalada la Blood on Our Land, riwaya ya Ismael Mbise. Akamwendea mwalimu.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kile cha Wameru."

"Marahaba. Hicho ni cha maonesho, mwanangu. Subiri wageni waondoke."

Akasubiri kidogo, kengele ikalia, akaenda darasani. Wageni waliondoka mchana uleule. Kufuli likabaki mpaka Ijumaa.

Tuirudie habari hiyo hatua kwa hatua, maana hapa ndipo kazi yote iliharibika. Onyesho la vitabu lina mambo manne ya kutimiza: jicho linaswe, miguu isimame, mkono unyooke, jina liandikwe kwenye daftari la kuazima. Maonesho mengi ninayoyaona Arusha hufia kwenye jambo la kwanza, kwa sababu vitabu vimepangwa migongo nje, rafu ya juu asikofika mtoto. Hapa mawili magumu yalishatimia. Msichana alinaswa, akasimama, tena akaomba kwa kinywa chake, jambo ambalo wanafunzi wengi huliogopa. Kilichobaki ni kitasa cha mlango wa kabati na mstari mmoja daftarini. Daftari lilikuwa mezani, hatua chache kutoka pale.

Najua sababu. Kitabu ni mali ya shule, kipo kwenye leja, mkaguzi akija kikakosekana anayeulizwa ni mwalimu. Hofu hiyo ni ya kweli na wakuu wa shule wanaipalilia. Lakini dawa yake ipo na ni rahisi: piga fotokopi ya jalada, andika chini yake tarehe ya kurudishwa, isimamishe palipokuwa na kitabu. Anayefuata ataona kwamba mwenzake amekichukua, atataka kujua kina nini. Pengo jingine lizibwe kwa vitabu vya rafu za nyuma, ambako siku ile Adili na Nduguze ya Shaaban Robert na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla vilikuwa vimelala kimya, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wakisubiri mtu.

Na fikirini ni kitabu gani kilichofungiwa. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akasafiri hadi New York kulisemea jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mbise akaiandika habari hiyo kama riwaya, Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1974. Katika shule ile wamo watoto ambao mabibi na mababu wa wazazi wao waliyaona hayo. Watoto hao waliishia kuona jalada.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras, alilimaliza suala hili mwaka 1931: kanuni yake ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa, na akaieleza kwa kukumbusha zama ambazo vitabu vya Ulaya vilifungwa kwa minyororo. Kwetu pia walikuwepo waliomwelewa. Huduma za Maktaba Tanzania, ambazo Ezekiel Kaungamno aliziongoza miaka ya 1970, zilikuwa zikituma vitabu kwa posta kwa wasomaji wa vijijini ambao mkutubi hajawahi kuwaona uso. Leo mwanafunzi yuko mbele yetu, tunamjua jina na mkondo, na tunamnyima.

Nimeshapiga kelele kwenye safu hii kuhusu makontena ya vitabu vya msaada vinavyoeleza theluji ya Ulaya, na kuhusu kipindi cha maktaba kuliwa na Hisabati. Sirudi nyuma kwa hayo. Ila safari hii vitabu vilikuwa vyetu, kipindi kilikuwepo, na mtoto alikuja mwenyewe.

Muhula ujao, nasikia, mada itakuwa wanyama wa Hifadhi ya Arusha. Kabati libaki stoo. Tandikeni meza ya kawaida, daftari na kalamu juu yake, na kuazima kuanze saa ileile meza inapopangwa, kabla mgeni rasmi hajafika.