Saa ya Banff na Fidla ya Macpherson

Ukiulizia ile lahani ya fidla iitwayo Macpherson's Rant, utapewa hadithi kwanza, muziki baadaye. Na hadithi yenyewe ni tamu, usiseme. James Macpherson, jambazi na mpiga fidla, anasimama chini ya kitanzi mjini Banff, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, tarehe 16 Novemba 1700. Anapiga lahani aliyoitunga gerezani. Akimaliza, anaitoa fidla kwa yeyote atakayeipokea. Watu kimya. Nani atataka kuonekana rafiki wa mtu anayenyongwa? Basi anaivunja. Kumbe msamaha uko njiani, unaletwa na mpanda farasi, ila wakubwa wa mji wamesogeza saa mbele ili jamaa afe kabla haujafika.

Nilisisimka, sifichi. Nikaanza hata kuandika hadithi fupi juu ya hiyo saa. Niliiachia ukurasa wa tatu, baada ya kusoma habari za kesi yenyewe.

Kesi ilisikilizwa tarehe 8 Novemba, siku nane tu kabla. Washtakiwa wanne: Macpherson, James Gordon, na akina Brown wawili, Peter na Donald. Wizi ulikuwamo, tena wa mabavu. Wanakijiji na wachuuzi wa masokoni hawakuwa na sababu ya kumlilia Macpherson. Lakini walishtakiwa pia kwa kuwa "Wamisri" na wazururaji. Wamisri hao ni Wajipsi, watu ambao asili yao ni India na Misri hawakuijua. Mama yake Macpherson, inasemekana, alikuwa mmoja wao. Na tangu mwaka 1609 sheria ya Uskoti ilikuwa inaruhusu Mjipsi auawe kwa kuthibitika tu kwamba ni Mjipsi. Hata kuku wa mtu awe hajamgusa.

Sasa itazame tena ile saa. Inatuambia kwamba dhuluma ilikuwa ya dakika chache: wangeiacha saa ilivyo, haki ingefika na farasi, watu wakaenda zao. Hapo ndipo ninapogombana na wasimulizi. Hukumu ilikuwa imeshataja wakati, kati ya saa nane na saa tisa mchana. Dhuluma ilikuwa na umri wa miaka 91, na haikuhitaji mtu wa kuisogezea mshale.

Halafu huyo Gordon. Alihukumiwa kunyongwa siku ile ile, mahali pale pale. Umewahi kusikia lahani ya Gordon? Mimi bado.

Muziki wenyewe sina ugomvi nao, ila na baadhi ya wapigaji. Wapo wanaouburuta polepole kama wanasindikiza jeneza, wakauita maombolezo. Wanaupunja! Jina la "rant" huko Uskoti ni la muziki uliochangamka, wa kuchezea. Upigwe hivyo na utasikia kiburi cha mtu aliyekataa kuinamisha kichwa. Robert Burns, alipoutilia maneno mwaka 1788, alilielewa hilo: mtu wake anakwenda kufa huku anapiga na kucheza.

Kuna swali moja linanikera kila nikisikiliza. Vipande vinavyosemekana ni vya fidla hiyo vimo katika makumbusho ya ukoo wa Macpherson, Newtonmore. Haya, mpigaji kafa, fidla kavunja, lahani tumeipataje? Ama imetungwa na mwingine baadaye kisha ikabandikwa jina la marehemu, ama palikuwa na mtu katika umati ule, mmoja wa wale walioogopa kunyoosha mkono, akarudi nyumbani anaivumisha mdomoni.

Huyo wa pili ndiye ninayemtaka. Nimeianza upya hadithi yangu. Saa nimeitoa. Gordon yumo.