Tone moja, kazi nne

Dawa ya presha ya macho mara nyingi huja katika kichupa cha mililita 5. Tone likiwa la mikrolita 40 hivi, humo mna matone 125. Anayetia timolol, mojawapo ya dawa hizo, macho yote mawili asubuhi na jioni humaliza manne kwa siku, yaani kichupa hutosha mwezi mmoja bila akiba. Tuseme ni bibi wa Suji mwenye baridi yabisi ya vidole: kila tone linaloishia shavuni linaisogeza karibu safari ya kuteremka Makanya kutafuta kichupa kingine.

Maelekezo ya kawaida (vuta kope ya chini, tazama juu, minya) yanamtaka mtu ashike kope, alenge, atulize mkono na kuminya kwa wakati mmoja. Hapo ndipo vidole vigumu hushindwa.

Akilala chali bila mto, kazi mbili zinaondoka. Ananawa uso kwanza, kwani uchafu wa kope nao huingia. Anafumba macho, anadondoshea tone kwenye kona ya ndani, kando ya pua, penye kijishimo, kisha anafumbua. Tone linateleza lenyewe. Mkono unaotetemeka hutulizwa kwa kuegemeza kifundo cha kidole juu ya pua, mdomo wa kichupa usiguse ngozi.

Kuminya ndiko kugumu. Kichupa kikizungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kinanenepa na hakitelezi. Sasa kinabanwa kwa viganja viwili, vidole vikipumzika. Lebo ibaki wazi, pamoja na tarehe ya kufungua, kwa kuwa vichupa vingi hutupwa baada ya siku 28.

Tone la pili halina faida: jicho halibebi zaidi ya mikrolita 30 hivi. Afadhali afumbe jicho dakika mbili, akibonyeza kona ile ya ndani kwa kifundo ili tundu la machozi lizibe. Timolol ikipita tundu hilo huingia puani, kisha kwenye damu, ambako inaweza kupunguza mapigo ya moyo au kumbana kifua mwenye pumu.

Ugumu wa vichupa hutofautiana, kwa hiyo akiminye chake palepale kliniki kabla ya kuondoka. Kikimshinda, amuulize daktari kama dawa nyingine, latanoprost, inamfaa. Hiyo hutiwa mara moja tu kwa siku, jioni, na viganja vinabaki na nusu ya kazi.