Tofali la Ezekieli na Umati wa Tamasha: Uhakiki wa Sanaa za Kusimikwa

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza jambo ambalo wanateolojia wetu hawajalipa nafasi kubwa, nalo ni kazi za sanaa zinazosimamishwa katika viwanja vya matamasha makubwa ya muziki. Kwa kuwa aina hii ya sanaa haina jina moja lililozoeleka katika Kiswahili, tutaiita sanaa ya kusimikwa. Wasomaji wetu hulisikia neno hilo zaidi pale kiongozi wa kanisa anapoingizwa kazini, lakini hapa nako linafaa. Kazi hizi hazitundikwi ukutani wala kuchukuliwa mkononi. Hushika mahali, zikamtaka mtu aingie ndani yake, apite chini yake, au azizunguke.

Yawezekana mtu akauliza, mchungaji wa usharika ana nini na mambo ya tamasha la ng'ambo? Tunamjibu kwa kumwelekeza kwa nabii Ezekieli. Nabii huyo aliagizwa kutwaa tofali, kuchora juu yake mji wa Yerusalemu, na kuuhusuru kwa maboma na bamba la chuma, ili iwe ishara kwa nyumba ya Israeli (Eze. 4:1-3). Hiyo ni kazi ya kusimikwa kwa maana kamili. Baadaye nabii huyohuyo aliambiwa kwamba watu humjia kama wanavyomwendea mwimbaji mwenye sauti nzuri na mpiga kinanda hodari; husikia na kupendezwa, lakini hawatendi (Eze. 33:30-33). Swali letu limo kati ya sura hizo mbili. Je, ishara iliyosimikwa mahali pa muziki yaweza kumgeuza mtazamaji awe jirani wa mwenzake, au humezwa na furaha ya wasikilizaji? Tumechagua kazi tatu ili tulijibu swali hili.

Mbuyu wa jangwani

Kazi ya kwanza ni ya Francis Kéré, msanifu majengo aliyezaliwa katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Mwaka 2019 alisimika minara 12 katika tamasha la Coachella, linalofanyika mwezi Aprili huko Indio, California, katika nchi ya jangwa. Kazi hiyo iliitwa Sarbalé Ke, yaani nyumba ya sherehe. Umbo la minara lilitokana na mti wa mbuyu. Ilikuwa na uwazi ndani, mwanga ukishuka kutoka juu kama unavyoshuka katika shina la mbuyu wenye pango. Mchana watu walipumzika kivulini mwake, na usiku minara iling'aa kwa taa.

Tunaisifu kazi hii kwa sababu haikuhubiri, ilitoa kivuli. Fundisho la Kilutheri juu ya wito latuonya tusidharau huduma ya namna hiyo. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu apate kufanya kazi ya dhahabu, ya mawe na ya miti (Kut. 31:1-5), na hatusomi kwamba alitakiwa aongeze maneno. Anayempa mtu aliyechomwa na jua mahali pa kukaa amemtumikia jirani yake, hata kama mwenyeji na mgeni hawajuani kwa jina.

Hata hivyo kuna upungufu ambao hatuna budi kuutaja. Katika vijiji vingi vya Afrika mti mkubwa ni mahali pa baraza. Chini yake wazee husuluhisha, na anayekosa leo atakutana na aliyemkosea hapohapo kesho. Mti hupata maana yake kutokana na watu wasioondoka. Umati wa Coachella hukutana kwa siku tatu, nao umelipa kiingilio. Ukiisha kutawanyika, hakuna anayewajibika kwa mwenzake. Wahenga wetu walisema mbuyu ulianza kama mchicha. Mbuyu huu haukuanza kama mchicha, bali ulisimamishwa ukiwa umekomaa, bila kijiji cha kuuzunguka. Inafaa tuulinganishe na shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ambayo Kéré aliijenga kwa udongo pamoja na wanakijiji wenyewe. Mwaka 2022 alipokea tuzo ya Pritzker, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata, na shule hiyo ndogo ilikuwa imemtambulisha muda mrefu kabla ya minara ya jangwani. Mkono ni uleule. Kilichotofautiana ni jumuiya.

Mashua juu ya vichwa

Kazi ya pili ilionekana katika tamasha la Glastonbury, Uingereza. Tamasha hili lilianza mwaka 1970 katika shamba la Michael Eavis, mfugaji wa ng'ombe na Mmethodisti, ambaye kiingilio chake cha pauni moja kiliambatana na maziwa ya bure. Tarehe 28 Juni 2024, bendi ya Idles ikiwa jukwaani, mashua ya mpira ilipitishwa juu ya vichwa vya watu. Ndani yake mlikuwa na sanamu za wahamiaji waliovaa majaketi ya kuokolea. Baadaye Banksy, msanii anayeficha jina lake halisi, alijitambulisha kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Wengi katika umati walikuwa wamedhani ni sehemu ya onyesho la bendi. Wakaisukuma mbele kwa mikono, wakishangilia.

Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, James Cleverly, aliilaani kazi hiyo akiona kwamba inafanyia mzaha vifo vya watu wanaovuka bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza. Tusiharakishe kuitupa lawama hiyo kwa kuwa imetoka kwa mwanasiasa aliyekuwa siku chache kabla ya uchaguzi. Imegusa jambo la kweli, kwani kuna hatari kubwa kuufanya msiba wa mwingine kuwa kikolezo cha furaha yetu. Amosi aliwakemea wanaoimba na kupiga vinanda wasiuguliwe na maangamizi ya Yusufu (Amo. 6:5-6). Tofauti ni kwamba wale wa Amosi waliusahau msiba, na hawa waliletewa msiba juu ya vichwa vyao wakauchezea bila kuutambua.

Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa kazi yenyewe. Nathani alipomletea Daudi mfano wa mwana-kondoo wa maskini, mfalme alichemka kwa hasira juu ya tajiri, wala hakujua kwamba anajihukumu (2 Sam. 12:1-7). Mfano haukuishia hapo. Nabii alimgeukia akamwambia kwamba mtu huyo ndiye yeye. Mashua ya Banksy ilikuwa na mfano, lakini ilikosa sentensi ya pili. Tukitumia lugha ya Waraka wetu wa imani, sheria ilionyeshwa bila kutamkwa, na sheria isiyotamkwa humwacha msikilizaji salama katika nafasi yake. Mwanateolojia wa Kilutheri Paul Tillich aliuthamini mchoro wa Picasso uitwao Guernica kuwa mfano bora wa roho ya Kiprotestanti katika sanaa, kwa sababu unaonyesha hali ya mwanadamu bila kuifunika. Lakini anayeutazama mchoro huo husimama mbele yake kimya. Aliyeko katikati ya ngoma na taa anahitaji msaada zaidi ili asimame.

Pamoja na hayo, haki yatutaka tuseme neno moja la kumtetea msanii. Tangu mwaka 2020 Banksy amegharimia meli ya uokoaji iitwayo Louise Michel, inayofanya kazi katika Bahari ya Mediterania. Akimjibu waziri, alieleza kwamba siku zilezile meli hiyo iliwaokoa watoto 17 waliokuwa hawana mzazi wala mlezi, kisha ikazuiliwa na mamlaka za Italia. Kwa mantiki hiyo, sentensi iliyokosekana uwanjani ilikuwa imekwisha kuandikwa baharini. Tunaweza kubishana juu ya mashua ya sanamu, lakini mbele ya mashua ya kweli iliyojaa watoto ubishi wetu hauna budi kupunguza sauti.

Hekalu lisilo na madhabahu

Kazi ya tatu ndiyo inayotusumbua zaidi. Katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada, hufanyika kila mwaka mkusanyiko uitwao Burning Man, wenye muziki mwingi na sanaa nyingi zaidi. Mwaka 2000 mchongaji David Best alisimika huko jengo la mbao, nalo likageuka kuwa mahali pa kuombolezea rafiki mmoja aliyekuwa amefariki katika ajali muda mfupi kabla. Tangu hapo hekalu limekuwa desturi. Watu huandika ukutani majina ya marehemu wao, huacha picha, barua na nguo, na usiku wa mwisho jengo huteketezwa. Umati ambao usiku uliotangulia ulipiga kelele hukaa kimya. Hekalu la mwaka 2001 liliitwa la Machozi, nalo liliwakumbuka hasa watu waliojiua.

Mwaka 2015 Best alijenga hekalu la namna hiyo katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, akisaidiwa na vijana wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti. Liliteketezwa tarehe 21 Machi. Katika mji ambako mioto mikubwa huwashwa kila mwaka kuadhimisha upande mmoja dhidi ya mwingine, safari hii pande zote mbili ziliangalia moto mmoja, na ndani ya moto huo yalikuwamo majina ya wafu wao wote.

Kama wanateolojia, hatuwezi kulipokea hekalu hilo bila swali. Zaburi za maombolezo zina anayeambiwa. Mlalamikaji humlilia Mungu, hata anapomlaumu. Ukuta wa Nevada hupokea maandishi, lakini haujibu. Moto huondoa, lakini hausamehi. Aliyeandika kosa lake juu ya ubao akauona ukigeuka majivu bado hajasikia sauti ya mtu mwingine ikimtangazia ondoleo la dhambi kwa jina la Kristo, na Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 yatufundisha kwamba neno hilo la nje ndilo linaloituliza dhamiri.

Lakini swali hilo hutugeukia sisi. Kwa nini watu wasio na dini wamewajengea hekalu waliojiua, na sisi wenye makanisa mara nyingi tumewanyima hata kengele? Si jambo geni katika sharika zetu familia kuambiwa kwamba marehemu wao hatazikwa na mchungaji, kwa sababu ya namna alivyokufa au kwa sababu alikuwa chini ya nidhamu ya kanisa. Mama husimama kando ya kaburi la mwanawe bila neno lolote kutoka kwa kanisa lililombatiza. Luther mwenyewe, katika mazungumzo yake ya mezani, hakuthubutu kusema kwamba waliojiua wamepotea kwa hakika; aliwafananisha na mtu aliyeuawa na mnyang'anyi msituni. Ikiwa Mwanamatengenezo aliuacha mlango huo wazi, ni nani aliyetupa sisi ufunguo wa kuufunga?

Hitimisho

Mwezi Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg na kuhubiri siku nane mfululizo, kwa sababu wafuasi wa Karlstadt walikuwa wametaka sanamu ziondolewe kwa nguvu. Alifundisha kwamba sanamu si lazima wala si haramu. Hatari yake iko moyoni mwa anayezitumia. Kanuni hiyo yatosha kwa matamasha pia. Kazi iliyosimikwa haimwokoi mtu wala haimpotezi. Yaweza kumpa kivuli, kumhukumu, au kumpa mahali pa kulia. Isichoweza kufanya ni kumlazimisha asikie.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu wayatafakari mambo mawili. La kwanza ni mashindano yetu ya kwaya. Sisi nasi tunakusanya umati, tunatoa alama, tunashangilia sauti tamu, na nyimbo zinazohimiza toba huishia kwenye kikombe cha mshindi. Ezekieli 33 haikuandikwa kwa ajili ya Glastonbury peke yake. La pili ni maombolezo. Ratiba zetu za mazishi zimejaa salamu na matangazo, na aliyefiwa hupewa dakika chache za kulia kabla ya kuambiwa anyamaze. Marafiki wa Ayubu walifanya vema kwa siku saba walipoketi naye chini bila kusema neno (Ayu. 2:13), waliharibu walipoanza hotuba.

Hatupendekezi kwamba sharika zijenge mahekalu ya mbao na kuyachoma. Tunapendekeza kwamba mchungaji aende kwenye kaburi ambalo kanisa lilikataa kwenda, alitaje jina la aliyelala hapo mbele za Mungu, na ambariki mama yake. Hekalu la Nevada limetuonyesha ukubwa wa njaa hiyo. Mkate wa kuishibisha tulikabidhiwa sisi.