Usiulize Jina, Uliza Chipu

Kompyuta ya mezani niliyoletewa Litein ilikuwa imepigwa na radi. Ubao mama ulipona, lakini tundu la kebo ya mtandao likafa. Taa yake haikuwaka tena. Katika nchi hii ya chai, toka Kericho hadi Bomet, radi za alasiri hufuata nyaya mpaka ndani ya mashine. "Fundi, kesho nina fomu za kutuma," mwenyewe akaniambia. Adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB ingetosha.

Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Jina la boksini halikuambii chipu iliyo ndani. TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza lina Atheros AR9271, ambayo Linux huitambua yenyewe. Toleo la pili lina Realtek RTL8188EUS, na draiva yake ni nyingine kabisa. Jina ni lile lile. Soma kibandiko kwanza, utafute V1 au V2, ndipo ulipe.

Kama umeshainunua, ichomeke. Kwenye Windows fungua Device Manager, ubofye kifaa chenye alama ya njano, uingie Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. Mimi niliona VID_0BDA na PID_8179. Herufi nne za VID humtaja mtengenezaji: 0BDA ni Realtek. Za PID hutaja kifaa: 8179 ndiyo RTL8188EUS. Kadi za ndani huandikwa VEN na DEV. 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom. Kwenye Linux, lsusb na lspci -nn hutoa namba hizo hizo. Tafuta draiva kwa namba, kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu. Programu zinazoahidi kukutafutia draiva zote ziache kabisa. Nimesafisha mashine nyingi zilizojazwa takataka nazo.

Na draiva utaishusha vipi bila intaneti? Unganisha simu kwa waya wa USB, uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kawaida Windows 10 huiona simu kama kadi ya mtandao, kwa draiva iliyo nayo tayari.

Draiva ikakaa, lakini mawimbi yakawa hafifu: adapta ilikuwa nyuma ya kasha la chuma, imegeukia ukuta, na ruta iko ofisi ya jirani. Nikaichomeka kwenye waya wa USB wa mita moja, nikaining'iniza dirishani. Mistari miwili ikawa minne, na fomu zikaondoka jioni ile ile.