Nyumba Isiyo na Msikilizaji: Uhakiki wa Riwaya ya James Baldwin

Giovanni's Room, riwaya ya James Baldwin, ilichapwa Marekani mwaka 1956. Aghalabu husomwa kama kisa cha mapenzi ya wanaume wawili tu. Kusoma hivyo kwapunguza maana yake. David, msimulizi, ni Mmarekani akaaye Paris, naye ana mchumba, Hella; Hella asafiripo Hispania, David aishi na Giovanni, Mtaliana auzaye vinywaji katika baa. Giovanni naye, kabla ya kuja Paris, alikuwa na mwanamke kijijini kwao, akazaa naye mtoto aliyetoka maiti. Basi habari hizi ni za wanaume waliokwisha kuwa na wanawake na wanaume pia, na za madhara yazipatayo nafsi zao.

Yawezekana msomaji akapinga, akisema kuwa David hakumpenda Hella kwa hakika. Labda. Lakini David mwenyewe hajui, na kutojua huko ndiko maradhi yenyewe. Mtu aliyezoea kuficha hufika mahali asipoweza tena kupambanua lipi alilolisema kwa kupenda na lipi kwa hofu. Baldwin aliliona jambo hili kwa makini kuliko waandishi wengi wa zama zake.

Tutazame waliokuwa tayari kusikiliza. David apatapo ajali ya gari katika ujana wake, baba yake aja hospitali na kumwomba waongee. Mwana ajifunga moyo. Jacques, mzee wa makamo, amshauri ampende Giovanni bila haya; David amdharau, kwa kuwa amwona ndani yake uzee wake mwenyewe. Hella adanganywa mpaka amkutapo Nice pamoja na baharia. Kwa hiyo kisa chote chasimuliwa usiku, katika nyumba ya kupanga kusini mwa Ufaransa, wakati Giovanni angojea kukatwa kichwa kwa kumwua mwenye baa. Msikilizaji ni kivuli cha David katika kioo cha dirisha. Muundo huu ndio hoja ya kitabu: ungamo limekuja, lakini limekuja pasipo mtu.

Kasoro haikosi. Giovanni hufa ili David aseme, na Hella huumizwa bila kupewa nafasi ya kutosha ya kusema lake. Tena hamna mganga wala rafiki amwokoaye mtu. Lakini katika hili la mwisho tusimlaumu mtungaji upesi. Mwaka 1952 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliandika mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi. Hayakuondolewa ila mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani lilifuata mwaka 1990. Kama David angalikwenda kwa tabibu, angaliambiwa kuwa kupenda kwake ndiko ugonjwa.

Siku hizi uchunguzi mwingi wa Marekani na Uingereza umeonyesha kuwa wapendao jinsia zote mbili huelekea kupatwa na sonona na wasiwasi kuliko wapendao jinsia moja tu, iwe ipi. Sababu mojawapo ni kutiliwa shaka pande zote mbili: huku waambiwa wajificha, huku waambiwa wapotoka. Kinachowafaa ni msikilizaji asiyewalazimisha kuchagua kwanza ndipo awasikilize.

Hapo ndipo kitabu kitugusapo sisi wanafunzi wa lugha. Nilipotaka kuwaeleza wanafunzi wangu hali ya David kwa Kiswahili, nilipata majina ya matusi kwa urahisi. Neno ambalo mtu kama yeye angeweza kulitamka mbele ya tabibu bila kujidhalilisha, sikulipata. Ilinibidi nitumie sentensi nzima. Sentensi yatosha kwa mwalimu darasani. Kwa mgonjwa mwenye hofu, ni safari ndefu mno. Aliyenyimwa neno amekwisha kunyimwa nusu ya msikilizaji.